Robo toni kwenye sinthesaiza: nimfuateje mpiga udi kwenye maqamu (skeli za Kiarabu) za Rast na Bayati?

kinanda_southb
Wakuu, salaam. Tunarekodi nyimbo nne za taarab hapa South B, Nairobi, mpiga udi na mwimbaji ni watu wa Mombasa. Vyombo nilivyonavyo: sinthesaiza ya Korg minilogue xd, kinanda cha Yamaha PSR cha zamani chenye alama ya XG (kina MIDI IN na OUT za pini 5, tundu za vyombo kutumiana ujumbe), na kompyuta. Kwenye Hijaz tunaenda vizuri. Wakiingia Rast ya C, noti zangu za E na B zinagongana na udi mpaka mwimbaji anakatiza. Nikishusha Master Tune, noti zote zinashuka. Gurudumu la kupinda sauti linafaa kwa noti moja. Nikishika mbili, zote zinapinda pamoja. Kuna njia ya kushusha noti hizo mbili peke yake bila kununua kinanda cha Kiarabu? Na wimbo mmoja una nyatiti (kinubi cha Waluo), huo nao sijui nianzie wapi.

fundi_ngara
Master Tune irudishe pale udi ulipo na usiiguse tena. Rast ya C kwa senti (nusu toni moja ni senti 100) ni 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1050, halafu 1200. Kwa hiyo vitufe kumi viko sawa, ni E na B tu zinazoshuka senti 50 kila moja. E iliyo juu ya C ya kati inatoka 329.63 Hz inaenda 320.24 Hz.

PSR: tafuta kwanza kwenye menyu kama kuna Scale Tune (kutyuni kila noti peke yake). Kama haipo, alama ya XG (mfumo wa MIDI wa Yamaha) inatosha, utatuma ujumbe wa SysEx, yaani amri ya MIDI ya kupanga kifaa, kutoka kwenye kompyuta. Kila noti ina anwani yake, C ni 41 mpaka B ambayo ni 4C, kwa namba za heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16). Thamani 40, yaani 64 kwa namba za kawaida, ndiyo katikati na kila hatua ni senti moja. 64 toa 50 ni 14, yaani 0E. Basi:

F0 43 10 4C 08 00 45 0E F7 (inashusha E)
F0 43 10 4C 08 00 4C 0E F7 (inashusha B)

Ile 00 inayofuata 08 ni sehemu ya 1 (kila sehemu hupiga sauti ya chaneli yake). Sehemu ya 2 ni 01, na kuendelea. Kurudisha noti mahali pake, weka 40 badala ya 0E.

Mwenye Sound Canvas au kifaa chochote cha Roland chenye GS (mfumo wao unaofanana na XG), noti zote 12 zinakwenda kwa ujumbe mmoja:

F0 41 10 42 12 40 11 40 40 40 40 40 0E 40 40 40 40 40 40 0E 53 F7

Ile 53 ni namba ya ukaguzi. Ukibadilisha thamani yoyote bila kuihesabu upya, kifaa kinautupa ujumbe kimyakimya. Ila mwimbaji akitaka Rast ya D, 0E zinahamia C# na F# na jumla inabaki ileile, kwa hiyo 53 haibadiliki.

robo_toni
Kwa xd huhitaji SysEx. Ina Micro Tuning ndani ya kila programu (sauti iliyohifadhiwa), na kuna nafasi za User Octave, tyuni ya noti 12 inayojirudia kila oktava, unazojaza mwenyewe: E −50, B −50, halafu bonyeza Write, la sivyo ukibadilisha sauti kila kitu kinapotea. Urithi huu unatoka kwenye Monologue, sinthesaiza ambayo Korg iliitengeneza ikimshirikisha mwanamuziki Aphex Twin. Zile skeli zenye jina AFX kwenye orodha ni zake.

Kwenye kompyuta chukua Surge XT, sinthesaiza ya programu, ni ya bure, na inasoma mafaili ya .scl (maandishi ya skeli). Fungua kihariri cha maandishi cha kawaida, andika hivi:

! rast_c.scl
Rast ya C, vitufe 12
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1050.0
2/1

Watu wanakwama sehemu mbili. Ya kwanza ni nukta. Ukiandika 350 bila nukta, programu haioni senti, inaona uwiano wa 350 kwa 1, na noti inaruka mbali kabisa. Ya pili ni kuandika noti saba tu kwa sababu maqamu ina noti saba. Hapo oktava inaisha baada ya vitufe saba, vyeusi vikihesabiwa, na mkono wako unapotea. Andika zote 12 hata kama tano hutazigusa.

Kama hutaki kuandika chochote, kuna Leimma, programu ya kutengeneza skeli, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Aliitoa mwanamuziki Khyam Allami mwaka 2021 akishirikiana na studio ya Counterpoint. Unasogeza noti kwa kipanya huku unasikia.

BintiKisauni
Hesabu ni nzuri, ila senti 50 ni ramani tu. E ya Rast na E ya Bayati si moja. Mpiga udi akiwa kwenye Bayati ya D, kidole chake kinakaa chini kidogo kuliko akiwa Rast. Ukiacha jedwali moja kwa nyimbo zote, wimbo mmoja utakuwa mtamu na mwingine utauma. Tengeneza mbili. Rast anza na −40 (thamani 18), Bayati −55 (thamani 09), halafu mwombe mpiga udi ashike E ndefu, na wewe shika yako chini yake kwa sauti kavu. Ukisikia mawimbi yanapiga haraka, sogeza senti tano tano mpaka yapoe. Yeye ndiye kipimo. Programu ya simu ya kupima tyuni itakuyumbisha kwa sababu sindano inarukaruka kati ya D# na E.

Kingine ambacho wenzangu hawajakigusa ni sauti yenyewe. Osileta mbili zikiachana senti 15, pamoja na korasi na vibrato nzito, robo toni yote inazama kwenye ukungu huo na kazi yako haisikiki. Kwenye xd zima korasi, zima unison (sauti kadhaa kwenye noti moja), na osileta ya pili isizidi senti 3 au 4. Tumia sauti yenye mwanzo mkali na filta iliyofungwa kiasi, karibu na ganuni. Na tafadhali usipige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya C-E-G chini ya Rast. E ile haiko meja wala haiko maina, mwimbaji hatajua aegemee wapi. C na G zinatosha, au piga oktava tupu ukifuata udi.

kinanda_southb
Asanteni sana. xd imekubali mara moja. PSR bado: natuma ujumbe wa XG, nikipiga vitufe E iko palepale. Natumia waya wa USB kwenda MIDI wa bei ya chini kutoka Luthuli (mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme).

fundi_ngara
Mambo matatu, anza na rahisi.

Mara nyingi ujumbe wa XG unagusa sehemu zinazopokea kutoka MIDI IN, na sauti unayoipiga kwa mkono haimo. Zima Local Control (vitufe kupiga sauti ya ndani moja kwa moja), kisha MIDI OUT iende kwenye kompyuta na kompyuta irudishe kwenye MIDI IN, chaneli 1. Sasa vidole vyako vinapitia sehemu ya 1, ile uliyoishusha. Ukisikia kila noti mara mbili, Local haijazimika.

Kama wimbo umeuweka kwenye faili la MIDI, angalia mwanzo wake. Mafaili mengi yanaanza na GM On au XG On (amri za kuweka kifaa upya), na hiyo inarudisha noti zote kwenye 40. Ujumbe wako uweke mpigo mmoja baada ya hapo, na noti ya kwanza ianze baadaye.

La mwisho ni huo waya. Nyaya nyingi za aina hiyo zinapitisha noti bila tatizo, ila SysEx zinaikata, kwa sababu USB hubeba MIDI baiti tatu tatu na chipu ya ndani inashindwa kuunganisha vipande. Jaribu hivi: unganisha OUT na IN za waya wenyewe, tuma baiti zile tisa, tazama zinazorudi. Zikirudi pungufu, tupa. Ujumbe wa Roland ni baiti 22, huo ndio huumia zaidi. Ukinunua mwingine, omba dukani ujaribiwe hivyo kabla hujalipa.

Ukikwama kabisa bado kuna njia ya kizamani. Weka sauti ileile kwenye chaneli 1 na 2, chaneli 2 ipinde moja kwa moja, na E na B zote zipeleke huko. Katikati ni 8192. Upeo ukiwa nusu toni mbili, senti 50 chini ni 6144.

robo_toni
Kuhusu nyatiti: usitafute skeli yake mtandaoni. Ina nyuzi nane na mpigaji huzikaza kufuata koo lake na wimbo. Rekodi kila uzi peke yake, mara tatu, mpigaji akiwa amevua njuga na pete ya chuma ya kidole cha mguu, maana mlio wa chuma unachanganya kipimo. Soma namba nusu sekunde baada ya kugusa uzi. Mwanzoni sauti huwa juu kisha inatulia. Mkwaruzo ukizidi, kata masafa ya juu kwa filta kabla ya kupima.

Ukipata namba nane, kwanza zishushe zote ziingie ndani ya oktava moja. Nyuzi mbili zikiangukia kitufe kimoja huku zimetofautiana senti 20 au zaidi, .scl ya oktava haitakufaa. Tumia User Scale ya xd, ambayo kila kitufe cha kinanda kinajitegemea. Nyuzi za nailoni hubadilika tyuni joto la chumba linapobadilika, kwa hiyo pima tena uzi wa chini na wa juu kabla ya kila rekodi. Zikiwa zimeshuka kwa kiasi kilekile, sogeza tyuni ya xd nzima na jedwali liache lilivyo.