Naomba ushauri: niwapeleke watoto kijijini masika haya au nisubiri Juni?

Habarini wapendwa. Nina watoto wawili, wamezaliwa na kukulia hapa Mbagala, na shamba wanalijua kwenye picha tu. Mama yangu yuko Matombo, Morogoro. Natamani sana tuende Pasaka, masika yakiwa yamekolea na milima ya Uluguru imekuwa kijani kitupu. Ndio wakati wa palizi: asubuhi wanaingia shambani na bibi, wanarudi na majani ya maboga, na uyoga wakibahatika, jioni wote tunaota moto jikoni mvua ikipiga bati. Na sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo pale ni kwao kabisa, hawaendi ugenini.

Baba yao anapendekeza Juni. Shule zimefunga, mvua imekata, njia hazitelezi, na mahindi ya kuchoma yapo. Ana hoja. Kufika Morogoro mjini si tatizo, treni ya SGR ipo tangu 2024. Wasiwasi ni kile kipande cha kupanda huko milimani, pamoja na mbu. Mdogo ana miaka minne.

Mliowahi kwenda na watoto wadogo milimani wakati wa masika, mlijipangaje? Zaidi ya chandarua, masweta na gambuti, nibebe nini? Na njia ikiwa tope, mnapanda bodaboda na mtoto au mnashuka mnatembea? Moyo wangu uko kwenye masika, ila mkiniambia ni hatari kwa huyu mdogo, nitasubiri.