Naomba ushauri: rekodi ya kushinda mfululizo kwenye besiboli ni ya nani?

Wadau, nisaidieni, maana mimi na shemeji tunabishana na hatufiki mwisho. Mwaka 1916 New York Giants walishinda mechi 12, wakatoka sare 1-1 na Pittsburgh, kisha wakashinda 14 nyingine. Rekodi rasmi inawapa 26. Mwaka 2017 Cleveland walishinda 22, bila sare hata moja katikati.

Kwangu mimi sare inakata mfululizo. Hata kwenye soka, timu ikitoka sare tunasema haijapoteza, lakini mfululizo wa ushindi umeshakatika. Shemeji anashikilia kwamba mechi ile ilikatishwa na mvua na ikabidi irudiwe, kwa hiyo haihesabiki. Mbona takwimu za wachezaji za siku ile zilihesabiwa? Mnaofuatilia besiboli, hoja ipi ina nguvu zaidi?