Msaada: tezi 3 kati ya 14 zina saratani, mama atapona?

BintiWaKwanza: Wakuu, mama ana miaka 58, katolewa titi la kushoto. Maabara wanasema tezi za kwapani zilizotolewa ni 14, na 3 zina saratani. Ndiyo hatua ya mwisho? Silali. Nijibuni bila kunificha.

MzeeKigoda: Pole mwanangu. Shangazi yangu katolewa titi 2009, mpaka leo analima mihogo Mkuranga na kugombana na wajukuu. Mwombe Mungu.

NesiMstaafu: Mdogo wangu, tulia. Saratani ya titi ikisambaa, mara nyingi huanzia kwapani. Hatua ya nne ni ikifika mbali: ini, mapafu, mifupa. Tezi 1 hadi 3 ni kundi la chini, 4 hadi 9 linafuata, 10 na zaidi ndiyo mzigo. Ila idadi pekee haitoshi. Uvimbe ulikuwa na ukubwa gani? Vipokezi vya homoni je, yaani uvimbe unakuzwa na homoni? Kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kaanza lini?

ChumviNyingi: Wanawake wa siku hizi hawanyonyeshi, mnategemea nini?

BintiWaKwanza: Mama kanyonyesha watoto sita. Uvimbe sentimita 3. Estrojeni (homoni ya kike) chanya, HER2 (protini inayochochea saratani) hasi.

NesiMstaafu: Afadhali, hapo tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni hiyo, itamsaidia, huwa ni miaka 5 au zaidi. Nimeuliza kemo.

BintiWaKwanza: Hajaanza. Kagoma, alimwona jirani akiteseka nayo. Kuna mtaalamu wa mitishamba kasema tezi zitakauka, nusu ya hela nimeshalipa. Sijapuuza hospitali, namheshimu mama.

Mpekuzi: Hilooo! Akaunti ya juzi. Sasa hivi linakuja jina la dawa na namba ya simu. Tangazo hili.

MzeeKigoda: Hata mimi nimeshtuka.

BintiWaKwanza: Sitaji jina wala namba. Nimejiunga kwa sababu nyumbani sina wa kumuuliza. Karatasi ninayo mimi, mama hajui habari ya tezi.

NesiMstaafu: Kumbe kakataa kemo bila kujua kinachotibiwa! Msomee leo. Kisha mrudi kliniki, mseme anaogopa kutapika, dawa za kuzuia zipo. Ikipita miezi 3 tangu upasuaji, faida ya kemo hupungua. Sasa ni wiki ya ngapi?

BintiWaKwanza: Ya saba. Mtaalamu anataka nusu iliyobaki Ijumaa.

Mpekuzi: Usimpe.