Nyanya zangu zinaoza kitako, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina kabustani nyuma ya nyumba, miche kama 20 ya nyanya, na sasa kiangazi kinaelekea ukingoni ndo matunda yanaanza kuiva ila kila nikipita nakuta doa jeusi kule chini kwenye kitako, limebonyea na limekauka kama ngozi, na majani yenyewe mazima kabisa. Nilivyoelewa ni tunda kukosa kalsiamu, na mara nyingi si kwamba udongo hauna, ni maji ya kubahatisha, leo unamwaga ndoo nzima kesho kutwa unasahau, na kweli kuna wiki 2 jua lilikuwa kali nikawa naruka siku. Inaniuma maana hiyo miche nimeilea toka mbegu. Sasa namwagilia kila asubuhi na nimetandaza nyasi kavu kwenye mashina, mbolea nimesimamisha kwanza. Swali langu, yale yaliyooza niyachume yote au niyaache? Na maganda ya mayai yanasaidia msimu huu huu au yanachelewa sana kuoza? Aliyewahi kupambana na hili anielekeze tafadhali.