Tarneit au Clyde North? Tunataka kununua nyumba ya kwanza Melbourne, naomba ushauri

MamaImani
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba miaka sita sasa na benki imetukubalia mkopo. Tunataka kununua kabla shule hazijafunguliwa. Tumebaki na sehemu mbili: Tarneit iliyoko halmashauri ya Wyndham, upande wa magharibi, au Clyde North iliyoko Casey, kusini mashariki. Kote tumepita kwa gari, nyumba mpya, barabara pana, watu wa kila taifa. Mnaokaa huko, wapi ni pazuri zaidi kwa familia? Naomba kuwasilisha.

MzeeWaTarneit
Dada, karibu Tarneit. Niko hapa tangu 2014, enzi hizo nyuma ya nyumba yangu palikuwa shamba tupu lenye kondoo. 2015 ikafunguliwa reli mpya na kituo chetu, watu wakaja kama mafuriko. Sensa ya 2016 Wyndham ilikuwa na watu 217,122, ya 2021 wakafika 292,011. Mtaani kwangu kuna Wapunjabi, Wafilipino, Wasudani Kusini, jirani wa kushoto ni Mrundi. Mke wangu alipojifungua kitindamimba, chakula kilikuja mlangoni wiki nzima, dengu kutoka kwa huyu, wali kutoka kwa yule. Kwa familia sijaona pengine.

Kipusa_Cranbourne
Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo treni yenu unaisifia lakini ni ya dizeli, inatoka Geelong, na asubuhi ikifika Tarneit imeshajaa. Mdogo wangu anasimama mpaka mjini kila siku. Casey tuna treni ya umeme Cranbourne na Narre Warren, tuna Bunjil Place yenye maktaba watoto wanashinda humo, tuna bustani kubwa ya mimea asilia pale Cranbourne. Na kama ni kukua, sisi tulikuwa 365,239 kwenye sensa ya 2021. Waafghani, Wasri Lanka, Wahindi, Waafrika, wote tupo.

MzeeWaTarneit
Cranbourne ni Cranbourne. Dada ameuliza Clyde North. Clyde hakuna treni. Reli ya zamani ipo, imeota nyasi, na ahadi ya kuirudisha tumeisikia uchaguzi baada ya uchaguzi.

FundiBomba
Kabla hamjafika mbali: mleta mada, hujasema bajeti, hujasema mnanunua nyumba iliyokwisha au kiwanja mjenge, na kikubwa zaidi hujasema mnafanya kazi wapi. Bila hayo tutakuwa tunapigia debe mitaa yetu tu.

Afande_Mstaafu
Naunga mkono. Pia watoto wangapi, na wana umri gani? Shule za serikali zinaangalia anwani yako, na mtaa mmoja unaweza kukatwa katikati.

BabaNeema
Wakati tunamsubiri dada, ngoja niseme yaliyonikuta kwenye kiwanja, maana naona wengi wanakimbilia huko.

2021 nilinunua kiwanja upande wa kaskazini wa Tarneit kikiwa bado kwenye ramani. Dalali akasema hati itatoka baada ya miezi tisa. Ilitoka baada ya miezi kumi na tisa. Muda wote huo napanga nyumba, na bei niliyokubaliana na mkandarasi ilikuwa na ukomo, ukapita. Akapandisha. Nikakubali kwa sababu nilishatoa pesa ya kiwanja na sikuwa na pa kurudi.

Wakaanza kuchimba msingi wakakutana na mwamba. Nchi yote hii ya magharibi iko juu ya mawe ya volkano, udongo wa mfinyanzi juu, jiwe chini. Kwenye mkataba, gharama ya mwamba ilikuwa juu yangu, kifungu nilikisoma lakini sikukielewa. Nililipa. Wakamwaga jamvi la zege, wakaondoka, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Nilikuwa napita kila Jumapili baada ya ibada. Jamvi limekaa peke yake, mabomba yamesimama juu, na lile la rangi ya zambarau la maji yaliyosafishwa upya limepauka kwa jua. Magugu yalianza kutokea pembeni mwa zege. Siku moja ikaja barua pepe kwamba kampuni imefilisika.

Bima ya ujenzi ilikuwepo, namshukuru Mungu, kwa sababu wakili wangu alidai cheti chake kabla sijatoa malipo ya kwanza. Lakini bima hiyo kwa kazi isiyokamilika iliishia asilimia 20 ya bei ya mkataba, na mkandarasi wa pili hakutaka kugusa jamvi la mwenzake bila kulipwa zaidi. Tuliingia ndani ya nyumba 2024. Mke wangu alilia pale jikoni, na haikuwa furaha.

Kwa hiyo dada, popote utakapochagua, usitoe hata senti kwa mkandarasi kabla hujaiona bima yenye jina lako na anwani ya kiwanja chako. Na malipo ya kwanza ya mkataba wa kujenga hapa jimboni Victoria hayatakiwi kuzidi asilimia 5. Akidai zaidi, ondoka.

Kipusa_Cranbourne
Pole sana kaka. Hiyo ndiyo sababu nasema Clyde, kwetu hakuna mwamba wa namna hiyo.

FundiBomba
Kwenu kuna mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Nimerekebisha mabomba yaliyopasuka chini ya nyumba za miaka mitatu huko huko Clyde. Kila upande una lake. Omba ripoti ya udongo kabla ya kusaini, usiridhike na makadirio ya dalali.

Afande_Mstaafu
Mimi sipendi Casey kwa sababu ya uongozi. Baraza la madiwani lilivunjwa 2020 baada ya uchunguzi wa rushwa kwenye mambo ya ardhi, wakakaa na wasimamizi walioteuliwa mpaka uchaguzi wa Oktoba 2024. Hayo ni mambo ya kuangalia.

Kipusa_Cranbourne
Madiwani walivunjwa, lakini taka zilizolewa na chekechea zilifunguliwa. Na sasa tumechagua wapya. Mbona hamsemi kuhusu harufu ya Werribee, huko huko Wyndham? Mitambo ya majitaka ya nusu ya Melbourne iko kwenu.

MzeeWaTarneit
Hayo maneno ya zamani yanatuchosha. Mitambo ile ipo tangu miaka ya 1890, na siku hizi mabwawa makubwa yamefunikwa na gesi yake inazalisha umeme. Watu wanatoka nje ya nchi kuja kuangalia ndege pale. Mimi niko Tarneit, sijainusa mwaka mzima.

Shangazi_WV
Mimi niko Werribee kwenyewe. Siku chache za upepo wa kusini unasikia, tusidanganyane. Lakini ni siku chache.

MamaImani
Samahani nilikuwa kazini. Bajeti yetu inaishia dola 700,000 pamoja na gharama zote. Watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 2. Mama mkwe anakuja mwakani kukaa nasi. Mume wangu anaendesha forklifti maghala ya Truganina, anaingia saa kumi na mbili asubuhi. Mimi niko nyumba ya kutunzia wazee Dandenong, zamu ya usiku, naingia saa tatu. Ndiyo maana kila siku tunabishana.

FundiBomba
Dada! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Mmoja magharibi, mmoja kusini mashariki, katikati yenu kuna daraja la West Gate na barabara ya Monash.

MzeeWaTarneit
Truganina na Tarneit zimepakana, baba atafika kwa dakika kumi na tano. Wewe dada unakwenda usiku wakati barabara iko wazi.

Kipusa_Cranbourne
Na kurudi je? Anatoka saa moja asubuhi baada ya kukesha, anaingia kwenye foleni ya watu wote wa kusini wanaokwenda mjini, macho mazito. Mimi nimefanya usiku miaka minne. Nililala kwenye usukani mara moja, taa ikiwa nyekundu, nikaamshwa na honi ya lori. Huyu dada asiendeshe dakika 90 baada ya zamu. Akae upande wa kazi yake, mume ndiye asafiri, yeye anakuwa amelala usiku.

MamaImani
Hilo limenigusa. Mume wangu anasema hivyo hivyo, ila yeye atalazimika kuamka saa tisa na nusu usiku.

Mkongo_NoblePark
Mama, mbona mnabaki na mbili tu? Tangu Metro Tunnel, ile reli mpya ya chini ya ardhi, ifunguliwe mwishoni mwa 2025, treni inatoka Sunshine inapita chini ya mji mpaka Dandenong bila kubadilisha. Kaa Sunshine au St Albans, upande wa magharibi, baba aende Truganina kwa gari, wewe lala kwenye treni asubuhi. Au njoo kwetu Noble Park, karibu na kazi yako, na soko la Dandenong liko hapo.

Afande_Mstaafu
Kwa dola 700,000 Sunshine atapata nyumba ndogo ya zamani. Watoto watatu na bibi!

Mkongo_NoblePark
Sisi tulikuwa tisa kwenye vyumba vitatu na watoto wamesoma. Chumba kinapungua, lakini wazazi wote wawili wanakula pamoja jioni.

Shangazi_WV
Na mama mkwe mumfikirie. Mwenye umri huo asiyeendesha gari akikaa mtaa mpya usio na basi la karibu, atakuwa mfungwa. Mama yangu mwaka wa kwanza alikuwa anasimama dirishani tu. Aliyemtoa ni mama mmoja Mpunjabi, hawana lugha moja, lakini kila asubuhi wanazunguka bwawa la mtaa wakiwa wameshikana mikono. Sasa wana bustani pamoja nyuma ya nyumba yangu, mchicha na methi (uwatu) kwenye tuta moja.

Kipusa_Cranbourne
Mchicha umekubali kwenye udongo ule wa Werribee? Wangu umekufa misimu miwili.

Shangazi_WV
Usipande kabla ya Novemba, baridi ya usiku inauua. Na changanya samadi mpaka udongo ulegee, ule mfinyanzi ukikauka unakuwa tofali.

MamaImani
Asanteni sana wote. Jumamosi tunakwenda kuangalia nyumba moja St Albans, ya vyumba vitatu, na Jumapili ile ya Clyde. Mume wangu bado anataka Tarneit. Ile ya St Albans ni mnada, nimesikia mnadani huna siku za kubadili mawazo. Kuna aliyewahi kununua kwa mnada hapa?

BabaNeema
Ni kweli, kwa mnada zile siku tatu za kurudisha neno hazipo. Mkaguzi wa majengo aingie kabla ya Jumamosi. Nyumba iko karibu na kituo gani cha treni, St Albans au Ginifer?

Kipusa_Cranbourne
Shangazi, mbegu za mchicha unanunua wapi?

Shangazi_WV
Kwa Wavietnamu, Springvale wanazo. Omba mchicha mwekundu.