Mwalimu Salah Farah alijitia katika maangamizo?

Kondakta wa Kaskazini: Assalamu aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Mimi ni kondakta, njia ya Garissa, mara nyingine hadi Mandera. Juzi stejini tumebishana sana juu ya Mwalimu Salah Farah. Desemba 2015 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakagoma. Akina mama wakawavisha wenzao Wakristo hijabu. Mwalimu akapigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016 akitibiwa. Na si kwamba hawakujua hatari: Novemba 2014, kwenye basi lililotoka Mandera, watu 28 walitengwa wakauawa.

Mzee mmoja akasema yule ni shahidi. Dereva wangu akamkata kwa aya ya Kurani, 2:195, "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo", akaongeza kuwa mwenye watoto hana ruhusa ya kufia abiria asiowajua. Nami nina watoto, na mlango wa basi naufungua mimi. Mnasemaje?

Ustadh wa Majengo: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwambie dereva aisome aya yote, inaanza kwa amri ya kutoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kwenye vita vya Konstantinopo mtu alijitosa peke yake katika safu za Warumi, watu wakapiga kelele kwa aya hiyohiyo. Abu Ayyub al-Ansari, sahaba wa Mtume, akawasahihisha: ilitushukia sisi Ansari, watu wa Madina tuliompokea Mtume, tulipotaka kuacha vita tukatunze mali zetu. Ila la watoto si dogo. Kumtanguliza mwenzako ni fadhila (59:9), si faradhi. Mwalimu angekaa kimya nisingemhesabia dhambi. Lakini kuwaonyesha wauaji kwa kidole nani ni Mkristo, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mama Katekista: La watoto limenikumbusha Padri Maximilian Kolbe. Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, 1941, wafungwa 10 walichaguliwa wafe njaa. Mmoja, Franciszek Gajowniczek, akalia mke wangu, watoto wangu! Kolbe akajitokeza achukue nafasi yake: yeye padri, hana mke wala mtoto. Kwa hiyo familia iliwekwa kwenye mizani palepale. Gajowniczek aliishi hadi 1995. Hata sisi Wakatoliki tulisitasita: 1971 Kolbe alitangazwa mwenyeheri, hatua kabla ya utakatifu, lakini si kama mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani. Jina hilo alipewa na Yohane Paulo II mwaka 1982.

Kondakta wa Kaskazini: Ahsanteni. Ila mama, Kolbe alijua anakufa badala ya nani. Mwalimu hakuambiwa "ufe wewe, apone yule". Alikataa kumtoa mtu, waliomuua ni wenye bunduki. Hapo dereva wangu ameteleza, nitamwambia. La watoto ndilo bado linanikaba.

Ustadh wa Majengo: Mkeo umemuuliza?

Kondakta wa Kaskazini: Nimemuuliza jana. Kasema niombe njia ya Mombasa.