Wapime vinasaba kwanza, ndipo watuandikie dawa?

Kipima_Joto: Wakuu, Ethiopia walipiga marufuku kodeini, dawa ya maumivu, 2015 kwa sababu kuna watu wengi kule ambao miili yao inaigeuza mofini haraka mno. Zimbabwe nako, wagonjwa walipowekwa kwenye efavirenzi, dawa ya VVU, wapo walioanza kuona maruweruwe: ini linaichakata polepole, dawa inajaa mwilini. Na dozi ilikuwa miligramu 600 zile zile kwa kila mtu mzima. Kwa nini tusipimwe kwanza?

Ngosha_Original: Zahanati yetu hata kipimo cha malaria kinaisha, wewe unataka vinasaba! Halafu wanaosumbuliwa na dawa mbona ni watu wa pwani? Damu nyepesi, wamezoea urojo.

Mwana_Makorora: Urojo ni wa Unguja, sisi Tanga. Jiografia nayo ilikupita? Na "damu nyepesi" ndiyo nini?

Ngosha_Original: Si huo upungufu wenu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu. Mkigusa primakwini ya malaria mkojo unakuwa rangi ya kola. Hata Lapdap, nayo ya malaria, iliondolewa sokoni 2008 kwa ajili yenu.

Bint_Famasi: Iliondolewa kwa sababu ya kiambato cha dapsoni kilichokuwemo, si kwa sababu ya Watanga. Upungufu wa G6PD uko kila palipokaliwa na malaria vizazi na vizazi, Kanda ya Ziwa mmo. Mtoto wa kiume anaurithi kwa mama.

Ngosha_Original: Mama yangu ameingiaje hapa?

Mwana_Makorora: 😂😂 Kimemgusa!

Shemeji_wa_Wote: Acheni utoto. Mimi nimemeza hiyo efavirenzi. Kila usiku nakimbizwa na watu nisiowajua, naamka shuka limelowa jasho. Nesi wa CTC, kliniki ya VVU: "utazoea". Mwenzangu tuliyeanza naye analala fofofo.

Kaka_Mkubwa: Pole, ila siku hizi ni TLD, kidonge cha VVU kisicho na efavirenzi. Mada imekufa.

Bint_Famasi: Haijafa. Isoniazidi ya kukinga TB nayo kuna miili inaitoa taratibu, miguu inakufa ganzi. Hiyo vitamini B6 mnayopewa pamoja nayo mlidhani ni pipi?

Kaka_Mkubwa: Basi wote wapewe B6, kipimo cha nini? Pesa hizo nunueni glavu.

Kipima_Joto: B6 haimsaidii mwenye upungufu wa G6PD. Na kipimo chake cha haraka ni tone la damu ya kidole tu.

Kaka_Mkubwa: Bei? Bima inalipa?

Ngosha_Original: Kabla hamjafika kwenye bima, Bint_Famasi aniombe radhi.